Uzi wa kukiri: muvi za sayansi zilizochanwa na wahakiki ambazo tunazirudia kwa siri

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilimwazima jamaa wa kazini flashi yangu anakilie ripoti. Nikasahau kwamba mle ndani kuna folda inaitwa "Risiti 2019". Sasa ofisi nzima inajua mimi si mtu wa kutunza risiti. Akaifungua. Akakuta Battlefield Earth, The Core, Waterworld, Jupiter Ascending na Moonfall, zimepangwa kwa mwaka. Saa ya chai akaja na chapati yake mkononi, akaniuliza kwa sauti ambayo hata mhasibu wa chumba cha pili aliisikia: "Mzee, si wewe uliyetuhubiria ile muvi ya heshima, Blade Runner, mwezi mzima?"

Nikasema ni za mdogo wangu. Mimi ni kitinda mimba.

Kwa hiyo nimeona bora nikiri hapa ambapo hamnijui sura. Hizo muvi ni zangu, nazipenda, na nazirudia. Nianze na ile yenye aibu kubwa kuliko zote.

Battlefield Earth, ya mwaka 2000. Kwa wasioijua: tuko mwaka 3000, dunia imetawaliwa miaka elfu moja na viumbe wanaoitwa Psychlos, majitu ya karibu mita tatu, yana rasta na mirija ya kupumulia puani. Binadamu waliobaki wanaishi mapangoni na wanaitwa wanyama-watu. John Travolta ndiye Terl, mkuu wa usalama aliyekwama huku duniani, na ana kisirani cha mtumishi aliyehamishiwa wilaya asiyoitaka. Mpango wake ni kuiba dhahabu aondoke. Anamkamata steringi, Jonnie, anamwingizia elimu yote kichwani kwa mashine, lugha mpaka hesabu, halafu anamtuma akachimbe dhahabu bila usimamizi wa maana. Elimu yote hiyo umempa mfungwa wako, halafu umemwachia!

Steringi wala hagusi sururu. Anakwenda Fort Knox, hazina ya zamani ya Wamarekani, anabeba dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa na kupigwa kwenye matofali, anampelekea bosi. Terl anashangaa kidogo mbona imenyooka hivi, anapewa jibu jepesi, anaridhika. Huku nyuma watu wa mapangoni wanajifunza kurusha ndege za kivita aina ya Harrier kwa siku chache tu. Ndege zimelala miaka elfu moja na mafuta bado yanawaka. Mimi pikipiki yangu nikiiacha wiki mbili haiwaki.

Rotten Tomatoes, ule mtandao unaohesabu wahakiki wangapi wameisifu muvi, imeipa asilimia 3. Razzie, zile tuzo za kuzomea kazi mbovu, waliipa 7 kwa mpigo, halafu mwaka 2010 wakairudia wakaitangaza mbovu kuliko zote za muongo ule. Mmoja wa walioandika hadithi, J.D. Shapiro, alikwenda kuipokea mwenyewe na akaomba radhi gazetini. Mapato hayakufika dola milioni 30. Na aliyeiongoza, Roger Christian, si mtu wa kuokoteza, ana Oscar ya upambaji wa seti kwa Star Wars ya 1977. Ila hapa kamera kailaza upande. Karibu kila picha imeinama. Unatoka na shingo inauma.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, shilingi 50, benchi la mbao, madirisha yamezibwa magunia, jasho la watu arobaini. Na ilikuwa imetafsiriwa. Wadogo zangu wa leo mnaosoma maandishi chini ya skrini, enzi hizo kulikuwa na mtu anaongea juu ya muvi kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Anasimulia, anaigiza sauti zote, anamtukana adui, anamsifu steringi, akichoka anasalimia watu wa mtaani kwake. Lufufu ndilo jina kubwa, na wengi waliokuja baadaye walimwiga mpaka kikohozi. Huyu wa kwetu sikuwahi kulijua jina lake.

Kuna sehemu Terl anataka kujua chakula gani binadamu anakipenda kuliko vyote, ili apate cha kumhongea steringi. Anawaachia porini wakiwa na njaa kali, anawachungulia kwa mbali. Wanakamata panya, wanamla mbichi. Terl yuko na msaidizi wake, Forest Whitaker (ndiyo, huyohuyo aliyekuja kupata Oscar kwa kumwigiza Idi Amin), na kwa uhakika wa daktari bingwa anahitimisha kwamba panya mbichi ndiyo chakula chao kitukufu. Mtafsiri wetu akanyamaza kwanza. Halafu taratibu: "Mkubwa anasema andika kwenye ripoti. Kwa huyu mnyama, panya ndiyo chipsi mayai."

Benchi letu lilivunjika. Si utani, lilivunjika kweli, tukamalizia tumekaa chini.

Miaka kama kumi na tano baadaye nikaipata bila mtafsiri. Nikakaa usiku na spika za masikioni ili wife asijue. Nusu saa ya kwanza nilikuwa kama niko msibani. Wanaongea vile? Travolta anacheka vile? Ndipo nikaelewa. Wahakiki waliponda maneno yanayosemwa na jinsi yanavyosemwa, na hivyo viwili sisi hatukuvisikia hata siku moja. Vilikuwa chini ya sauti ya mtu wetu. Tulichobaki nacho ni majitu, rasta, ndege na sayari nzima kulipuka mwishoni. Kwa shilingi 50, jamani.

Karibuni. Tajeni zenu, na mseme mliona na mtafsiri au bila.

#2

Kitinda mimba mwenye mdogo! Folda yangu mimi inaitwa "Mahubiri".

#3

Mimi nafundisha jiografia sekondari na nakiri The Core ya 2003 nimeiangalia si chini ya mara kumi. Bila mtafsiri, na akili timamu.

Kiini cha dunia kimegoma kuzunguka. Uga wa sumaku unaotukinga na jua unakufa, njiwa wa Trafalgar Square pale London wanapoteza dira na kujibamiza kwenye vioo, jua linayeyusha daraja la Golden Gate. Dawa yake: watu sita wapande chombo, watoboe ardhi mpaka chini, walipue mabomu ya nyuklia kukisukuma kiini kizunguke tena. Kama unasukuma daladala iliyozima.

Kutoka hapa ulipokaa mpaka katikati ya dunia ni kama kilomita 6,370. Shimo lenye kina kuliko yote aliyowahi kuchimba binadamu ni lile la Kola kule Urusi. Walianza 1970, mpaka 1989 walikuwa wamefika kilomita 12 na kidogo, joto likawashinda. Hawa wa kwenye muvi wanakwenda na kurudi. Chombo chao kimetengenezwa kwa kitu ambacho kadiri kinavyobanwa na kuchomwa ndivyo kinavyozidi ugumu, na kimeitwa Unobtainium, yaani "kisichopatikana". Mwandishi hata hakujisumbua kuficha. Katikati ya safari wanaangukia kwenye pango ndani ya manteli, yaani tabaka la mawe ya moto kati ya ganda la dunia na kiini, fuwele za zambarau zimesimama kama minara, na wanatoka nje kwa miguu! Mgandamizo wa kule ungewafanya karatasi kabla hawajafungua mlango.

Sasa kuna sehemu mwanasayansi anawaeleza majenerali kitakachotupata uga wa sumaku ukifa. Anachukua pichi, anaichoma kwa mwali wa kopo la kupulizia. Wote kimya. Nikasema hii naipeleka darasani. Pichi sikupata, nikachukua embe. Niliwaeleza vizuri kabisa: ngozi ndiyo ganda, nyama ndiyo manteli, kokwe ndiyo kiini. Halafu nikawasha. Embe liligoma kuungua, darasa likanuka sukari iliyoungua mpaka mwalimu wa zamu akaja.

Lakini nawaambia, zoezi nililowapa baada ya hapo, la kutafuta makosa ya muvi nzima, kijana mmoja ambaye haleti kazi zangu alileta kurasa tatu. Sijawahi kupata kurasa tatu kwa kitabu.

#4

Samahanini, mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu. Muvi mbovu ni mbovu. Bando ni ghali, maisha ni mafupi, na zipo nzuri hujaziona. Mleta uzi wewe huipendi Battlefield Earth, unampenda yule mtafsiri na umri wako wa wakati ule. Ungewekewa tangazo la sabuni na sauti ile ungelia hivyohivyo.

Halafu msianze kuniambia wahakiki hukosea. Najua. The Thing na Blade Runner zilitoka siku moja, tarehe 25 Juni 1982, zote zikachapwa na wahakiki, leo zinaheshimiwa. Lakini zile zilikuwa nzuri toka mwanzo, watu ndio walichelewa. Hizi zenu hazijachelewesha mtu.

#5

Salamu kutoka Kayole. Huku kwetu Kenya mtafsiri ni DJ Afro, hakuna mwingine. Bob kumi, unaingia saa nne unatoka jioni ukiwa na maumivu ya mgongo. Nyinyi Watanzania mmesema yote ila mmesahau sheria ya kwanza: steringi hafi. Hiyo ndiyo sababu hatukuwa na shida na hadithi mbovu. Mhakiki analalamika ati mwisho unajulikana. Sisi tulilipa kwa sababu mwisho unajulikana!

Siku moja opereta aliweka muvi steringi akakufa. Watu walitaka pesa yao.

#6

Naandika kutoka Kampala, Kiswahili changu mnisamehe. Sisi huyo mtu tunamwita VJ. Mmeisahau muvi ya Who Killed Captain Alex? ya 2010, ya Nabwana I.G.G. pale Wakaliga. Ile ilitoka kwenye mtandao na sauti ya VJ Emmie iko ndani, anapiga kelele kwa Kiingereza juu ya muvi, na watu wa Ulaya na Marekani wanaipenda hivyo. Ukiondoa VJ hawataki. Kwa hiyo huyu wa #4 asiseme mtafsiri si sehemu ya muvi. Dunia nzima imekubali kwamba ni sehemu.

#7

#6 hiyo si ya sayansi, ni ya makomandoo.

#8

Ina helikopta ya kompyuta. Mwacheni.

#9

Wakuu naomba msaada wa jina. Nilikuwa darasa la nne, Tanga. Dunia yote ni maji. Jamaa ana matundu kama ya samaki nyuma ya masikio. Mwanzoni kabisa anakojoa kwenye chombo, anamimina kwenye mashine, anakunywa. Mama alizima TV hapohapo na mpaka leo sijui iliishaje.

#10

#9 hiyo ni Waterworld ya 1995, Kevin Costner. Mama yako alizima dakika za mwanzo kabisa, kwa hiyo hujaona kitu. Kaa nikupe.

Barafu yote imeyeyuka, nchi kavu imebaki hadithi ya wazee. Udongo ndio pesa. Mtu anaingia kisiwa cha mabati kinachoelea na kopo la udongo mkavu na anapokewa kama mwenye kiwanja Masaki. Jamaa ana mche wa ndimu kwenye chombo chake na wanamwibia ndimu kabla hata muvi haijakolea. Adui ni Dennis Hopper mwenye jicho moja, anaishi juu ya meli ya mafuta iliyooza, na ukitazama vizuri utaona ni Exxon Valdez, ileile iliyomwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Ramani ya kwenda nchi kavu imechorwa mgongoni mwa mtoto. Wanavuta sigara wote upande wa adui. Nani analima tumbaku, usiulize.

Ilikuwa ghali kuliko muvi zote za wakati wake, kama dola milioni 175. Walijenga seti baharini kule Hawaii na moja ikazama. Magazeti yakaicheka kabla haijatoka. Kumbe duniani iliingiza kama milioni 264, na onyesho lake la michezo ya hatari pale Universal Studios Hollywood lilianza mwaka uleule na bado watu wanapanga foleni.

Kisayansi: barafu yote ya dunia ikiyeyuka bahari inapanda kama mita 70. Kariakoo kwaheri, Mombasa kwaheri, Tanga yako kwaheri. Lakini Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,000, wangekaa wanakula zabibu zao. Eti wao wamebakiza ncha ya Everest tu.

#11

Nimesoma mpaka hapa na nina neno. Mimi ni mwanamke, sikuwahi kukanyaga kibanda umiza. Mama angenivunja miguu, na ninyi wenyewe msingetupisha kwenye benchi. Kwa hiyo hii hadithi ya mtafsiri ni tamu lakini hainihusu. Mimi Jupiter Ascending niliiona peke yangu, kwa Kiingereza chake, na naipenda hivyohivyo.

Mnaikumbuka? Ya 2015, ya kina Wachowski, walewale wa The Matrix. Mila Kunis anasafisha vyoo vya watu Chicago, kumbe ana chembe za urithi za malkia wa ukoo unaomiliki sayari, na dunia yetu ni shamba lake. Channing Tatum ni nusu mbwamwitu, ana viatu vya kuteleza angani. Nyuki wanamtambua dada malkia na hawamng'ati. Kuna mahali jamaa anajitahadharisha kwamba yeye yuko karibu zaidi na mbwa kuliko na mtu, na dada anajibu kwamba mbwa amewapenda siku zote. Hapo nilifunga kompyuta nikazunguka sebule, nikarudi.

Na Eddie Redmayne. Anaongea kwa kunong'ona kama mtu anayesali, halafu ghafla anapiga ukelele wa kukuamshia watoto. Muvi ilitoka Februari, na Februari hiyohiyo akapokea Oscar kwa kazi nyingine. Mwaka uliofuata Razzie wakamkabidhi yao kwa hii.

Lakini sababu yangu mimi ni sehemu moja tu. Dada amekwishajulikana kuwa ni malkia. Sasa lazima aandikishwe rasmi. Mnajua wanampeleka wapi? Ofisini. Dirisha hili wanasema nenda lile, lile wanasema hii fomu imekosa namba, namba inatolewa ghorofa nyingine, mwenye mhuri ni mwingine. Anamiliki dunia nzima na bado anazungushwa! Mwaka ule mimi nilikuwa nafuatilia mirathi ya baba, mwezi wa saba, nina bahasha ya kaki imechakaa pembeni. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Mhakiki gani angeandika hilo?

#12 (Mleta uzi)

Dada #11 umenikamata. Hata habari ya benchi ni kweli, tulikuwa hatuwapishi.

Jana usiku nimefanya jaribio. Nimeiweka Battlefield Earth na kuzima sauti kabisa, ili nimpe haki yake huyu mchawi wa #4. Kama ni mtafsiri tu ninayempenda, basi bila sauti yoyote ningelala. Sikulala. Ile sehemu Terl anajipitisha na mabuti yake makubwa, amevimba kifua, kamera imeinama, rasta zinacheza, hakuna neno hata moja, bado nilikuwa nimeegemea mbele. Travolta aliihangaikia filamu hii miaka mingi mpaka ikatengenezwa, na inaonekana. Hakuna mtu mle ndani anayekonyeza kwamba tunatania. Wanaamini. Moonfall nayo ni hivyohivyo: Mwezi ni kitu kilichojengwa, una mtambo ndani, unaanguka, na waigizaji wamekaza nyuso kama wanasomewa hukumu. Zile zinazotengenezwa mbovu kwa makusudi, za papa wa kimbunga na ndugu zake, mimi dakika kumi nimezima.

Kwa hiyo #4 umepata nusu. Nusu nyingine ni yangu na panya.

Na sikubali kuokolewa na Blade Runner. Sisemi miaka arobaini ijayo watu watakuja kuitambua Battlefield Earth kwamba ilikuwa lulu. Haitakuwa. Itabaki asilimia 3 na mimi nitakuwa hapohapo.

#13

Mimi #4. Nimeitafuta hiyo sehemu ya panya. Sijacheka. Mtafsiri alikuwa anastahili kulipwa zaidi ya Travolta.

#14

#10 asante sana mkuu. Nimeimaliza Waterworld leo baada ya miaka ishirini na kitu. Nimempigia mama Tanga kumwambia wanaifikia nchi kavu mwishoni. Ameniuliza: "Na yule mchafu aliyekunywa mkojo, alipona?"

#15

Habari zenu. Mimi ndiye wa chapati. Nimeujua uzi huu kwa "Risiti 2019".

Mzee, flashi yako sinayo tena, iko kwa mhasibu tangu Ijumaa. Anasema Moonfall inakwama kwake dakika ya arobaini. Kama una kopi nyingine Jumatatu uje nayo.